Kiwambo cha Karatasi ya Chai

Ipogolo, Iringa. Jumatano, mwezi wa tatu, 1957.

Mvua tangu alfajiri. Si kubwa. Ni ile nyembamba ya kulowesha tu, isiyo na haraka ya kwisha. Ukungu umeshuka hadi katikati ya mlima, na ukisimama hapa chini huwezi kuapa kwamba huko juu kuna mji.

Nimechoka. Naliandika hilo mwanzoni ili nisilirudie kila mstari.

Shemeji yangu Atupele, dada mkubwa wa mke wangu, amepasuliwa rovu leo asubuhi katika hospitali ya misheni. Yu hai. Sauti yake bado haijulikani.

Nimeandikia gazeti miaka mingi na nimezoea kutanguliza jambo lenyewe. Jambo lenyewe ndilo hilo. Yanayofuata ni jinsi tulivyofika hapa, na kwa nini jioni hii mikono yangu inanuka lakiri.

Atupele ana rovu tangu alipokuwa msichana. Kwetu milimani si ajabu. Nusu ya kina mama sokoni Mbeya wana uvimbe wa shingo, mwingine kama limau, mwingine kama chungwa, na hakuna anayewakodolea macho. La Atupele lilikuwa kama ngumi ya mtu mzima. Hakulijali mpaka mwaka huu, lilipoanza kumkaba pumzi akilala chali. Ndipo tukaambiwa Iringa yuko daktari anayeyakata.

Tulikuja kuonana naye mwezi uliopita. Ni mtu wa maneno machache. Alimweleza kupitia mkalimani kwamba mshipa unaoendesha sauti unapita nyuma kabisa ya rovu. Ataukwepa, lakini hata ukikwepwa, sauti inaweza kubadilika. Atupele akauliza kubadilika vipi. Daktari akasema huenda ikawa nzito, huenda ikawa ya kunong'ona, huenda isibadilike kabisa. Akauliza kwa muda gani. Daktari akafungua mikono.

Tulirudi Mbeya kwa basi. Basi lilipoanza kushuka kuelekea bonde la Usangu ndipo akanigeukia.

"Shemeji, mama haoni."

Nikamwambia najua.

"Hujui. Wewe ukija anakujua kwa viatu. Mimi natembea peku. Ananijua kwa vitu viwili: nikisema, na akinishika shingo. Huyo mganga wenu anaviondoa vyote viwili siku moja."

Mama mkwe wangu alipoteza macho kabla sijaoa kwake. Anaishi na Atupele, wawili tu, katika nyumba ya pembeni mwa mji. Mtu akiingia bila kusema, bibi huinua fimbo kwanza na kuuliza baadaye. Ana sababu. Mwaka fulani aliingia mwanamke akajiita mpwa wake, akaketi, akala, akaondoka na blanketi. Tangu hapo sauti asiyoijua haivuki kizingiti, na kwa umri wake wa sasa hasahau ubaya huo hata anaposahau kama amekula.

"Nitarudi nyumbani kwangu," Atupele alisema, "na mama atanifukuza kwa fimbo. Wewe una mashine ya kunasa maneno ya watu. Ninase kabla."

Hakutaka kuimba wala kuacha kumbukumbu. Alitaka shahidi. Sauti yake ya zamani ije imtambulishe mwenye sauti mpya: huyu aliye mbele yako ndiye mimi. Nimesikia maombi mengi katika kazi hii, na machache yalikuwa na akili kama hilo.

Mashine ninayo. Ni ya ofisi, ya kukazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani, na inabebeka begani kwa mtu mwenye bega. Tatizo lilikuwa maikrofoni. Ile ya mashine ilikuwa na fuwele ndani, na fuwele yenyewe ni aina ya chumvi. Niliiacha ndani ya gari Ubaruku nilipokwenda kuandika habari za mashine za mpunga. Jua la Ubaruku halina mzaha. Niliporudi garini chumvi ilikuwa imegeuka uji. Ofisi ikaniambia nyingine itatoka Dar es Salaam, na haijatoka hadi leo.

Kwanza nilijaribu njia rahisi. Nilifunga kile kidude cha makaa kinachokaa katika mkono wa simu, nikamnasa Atupele akisalimu, nikamsikilizisha mama mkwe. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akaitafuta fimbo yake ukutani.

"Mwambieni karani huyu wa posta atoke nyumbani kwangu."

Hakukosea. Makaa ya simu hayana ubaguzi: hukata sauti ya chini na ya juu, na yanayobaki katikati ni ya kila mtu.

Basi nikaamua kutengeneza maikrofoni ya kondensa.

Wazo lake ni rahisi, kazi ndiyo si rahisi. Ni sahani mbili zinazotazamana bila kugusana. Ya nyuma ni shaba nene, imetobolewa vishimo. Ya mbele ni utando wa bati laini, mwembamba kiasi kwamba ukipumua unatetemeka. Baina yao pana hewa ya unene wa karatasi. Ukiziwekea umeme wa betri ya redio, volti tisini, kila utando unapotetemeka umeme nao unatetemeka kidogo sana. Kidogo hicho hukipeleka kwenye valvu, ile taa ya kioo ya ndani ya redio, ikikuze. Pete ya shaba inayoushika utando niliishikiza kwa lakiri, ile nyekundu ya kufungia vifurushi vya posta, kwa sababu lakiri haipitishi umeme.

Utando huo nikauita kiwambo. Katika vitabu vyao una jina lake, lakini sikuona sababu ya kulibeba jina hilo wakati tuna letu. Kiwambo ni ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Hiki ni bati lililowambwa juu ya pete. Nilijipongeza kwa neno hilo. Nitalirudia, maana ndilo lililotuponza.

Nyumbani Mbeya nilitawala meza ya kulia chakula mpaka mke wangu Ester akaanza kupakua ugali chini. Umbo la kwanza lilinguruma kama nyuki ndani ya chungu. Waya kutoka kwenye sahani hadi kwenye valvu ulikuwa mrefu, ukameza sauti njiani na kuokota kila uchafu. Nikahamisha valvu, nikaiweka mgongoni mwa sahani kabisa, vyote ndani ya kopo la kakao. Mngurumo ukaisha. Ikabaki rezista moja kubwa, kizuizi cha umeme, ambayo haiuzwi dukani hapa wala Iringa. Niliitengeneza kwa mstari wa penseli juu ya karatasi ngumu. Mstari mnene, sauti inakuwa ndogo. Mwembamba, valvu inakwama. Nilichora na kufuta, nikachora na kufuta, na Ester akauliza kama nimerudi darasa la kwanza.

Siku moja kabla ya safari ikakubali. Nilimnasa Ester akiongea jikoni, nikampelekea mama yake.

"Ester," bibi akasema hapo hapo. "Na anadanganya. Chumvi hakununua."

Ningemaliza kazi siku hiyo. Atupele ndiye aliyekataa. Alisema nyumba yao ni ndogo, mama anasikia kupitia ukuta, na anayotaka kusema hayafai kusikika mara mbili. "Iringa," akasema. "Huko mama hayupo."

Sikubishana. Sasa naona ningebishana kidogo.

Hapa Ipogolo tumefikia kwa Fundi Mwinyi. Ni fundi bati, babu yake alitoka pwani, na mjini anajulikana zaidi kwa ngoma kuliko kwa ndoo. Anazitengeneza na kuzipiga. Hakuna harusi ya Waislamu hapa ambayo hakuitwa. Ni rafiki yangu tangu nilipokuwa naandikia gazeti kutoka Iringa, na nyumba yake ina nafasi na kelele kwa kiasi kinacholingana.

Jumatatu jioni nikafungua kopo, nikaunga betri, nikavaa hedifoni. Nilichosikia kilikuwa maandazi yanakaangwa. Mvua hii. Unyevu umeingia katika lakiri, katika karatasi ya penseli, kila mahali, na umeme mdogo kama ule hauhitaji mlango mkubwa kutoroka. Kiwambo nacho, pamoja na karatasi niliyotia baina yake na pete, kilikuwa kimelegea.

Jana asubuhi ilinibidi niende hospitalini kupanga kitanda. Sista alikuwa amesema Atupele aingie wodini kabla ya jua kuzama, na lori la misheni lingepita kumchukua. Kabla ya kuondoka nikamwambia Fundi Mwinyi, neno kwa neno, maana kazi yangu ni kukumbuka maneno:

"Fundi, kiwambo kimelegea kwa unyevu. Kiweke pakavu karibu na jiko."

Akasema, "Hilo tu?"

Hilo tu.

Niliporudi nilimkuta ameketi kibarazani, miguu imenyooka, na hakuinuka kunilaki. Fundi Mwinyi huinuka kumlaki hata mbuzi.

"Bwana Mwandishi, karibu. Ngoma yako nimeikanza."

"Umeifanyaje?"

"Nimeikanza. Si ulisema imelegea? Nikaiweka juu ya makaa, mbali kidogo, si mimi mjinga. Nikaigonga kwa kidole. Kimya. Nikaisogeza. Nikaigonga, ikalia kidogo, sauti ya mtoto. Nikasema haya, inakuja. Nikaisogeza tena."

"Halafu?"

"Halafu ikasema *pa*."

Alinionyesha. Lakiri ilikuwa imeyeyuka na kuingia katika vishimo vyote vya shaba. Kiwambo kilikuwa kimepasuka toka ukingo hadi ukingo na kujikunja kama jani la mgomba lililoungua. Mstari wangu wa penseli ulikuwa umefunikwa na kitu chekundu.

Nilikaa karibu naye kibarazani. Sikukasirika, hasira inahitaji nguvu, na nilikuwa nimetembea sana kwenye matope. Isitoshe, nilikuwa nikimtazama mtu aliyefanya sawasawa na nilivyosema. Kwake kiwambo ni kitu kimoja duniani: ngozi. Ngozi hulegea kwa unyevu. Ikilegea inakanzwa motoni mpaka ilie. Hakuna mpiga ngoma kutoka hapa hadi Bagamoyo ambaye angefanya vingine. Ningetumia lile jina la Kizungu asingelielewa, angekiweka pakavu karibu na jiko na kukiogopa.

Mke wake Fundi akapitisha kichwa mlangoni na kusema miaka yote anamwambia mumewe asiguse vitu vya watu. Fundi akamwambia anyamaze, ameshajiambia mwenyewe.

Atupele alikuja akasimama juu yetu, kanga yake imefungwa tayari kwa safari ya hospitali. Akatazama kile kilichokuwa mkononi mwangu.

"Shemeji, sasa nitaongea na nini? Na sufuria?"

Hakuna aliyecheka. Lori la misheni lilikuwa lije alasiri.

Valvu ilikuwa nzima, na mkobani nilikuwa na kipande cha lakiri na penseli. Shaba ingesafishika kwa maji ya moto na sindano, na Fundi alishaanza kuzibua vishimo kabla sijamwomba. Kilichokosekana ni bati laini la kiwambo. Nililotumia Mbeya nilikuwa nimelitafuta wiki nzima.

Mke wa Fundi ndiye aliyetoa sanduku. Yeye huweka nguo zake katika sanduku la chai la Mufindi, kama nusu ya wanawake wa mji huu, na ndani kabisa masanduku hayo yamewekwa karatasi ya kung'aa ili chai isipate unyevu. Alizitoa nguo moja moja akazilaza kitandani. Kila nguo aliyoilaza alimtazama mumewe.

Karatasi hiyo ni bati upande mmoja na karatasi upande mwingine, zimegandishwa. Tuliloweka vipande katika beseni. Nilijaribu kuvibandua nikaharibu viwili. Atupele akaninyang'anya beseni. Amekaa chini, kapakata beseni, kasubiri karatasi ilainike mpaka ikawa kama ukoko wa uji, kisha akaiviringisha kwa dole gumba badala ya kuivuta. Bati likabaki majini peke yake. Lilikuwa nene kuliko nilivyotaka. Lilikuwa ndilo lililopo.

Fundi Mwinyi akaliwamba juu ya pete. Nilimsimamia, maana bati nene likikazwa halitetemeki.

"Usikaze."

"Sijakaza."

"Legeza kidogo."

"Bwana Mwandishi, hii ngoma gani isiyokazwa? Hii ni shuka."

"Ndiyo. Fanya shuka."

"Nikifa usimwambie mtu nilitengeneza hii."

Ikawa, kwa kadiri ilivyoweza kuwa. Lakiri nikaiyeyusha kwa mshumaa, matone, na nikachora mstari mpya wa penseli bila raha ya kufuta. Tulipojaribu chumbani, mvua ikatuambia kwamba nyumba ya Fundi bati ina paa la bati. Hedifoni zilijaa kishindo tupu. Tukahamia jiko la nyuma, lililoezekwa nyasi. Humo moshi wa miaka umekausha hata hewa, na moto ulikuwa unawaka. Yale maandazi masikioni yakapungua, yakawa mchele unaochaguliwa kwenye ungo, kwa mbali. Nikamwambia Atupele aketi, asiliguse kopo, asilipumulie.

"Linanuka kakao," akasema.

Nikaachia mashine.

Nilitegemea ataanza kwa kujitambulisha, kama watu wote wanavyofanya mbele ya chombo: mimi ni fulani binti fulani. Hakufanya hivyo. Alisema kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya mtu anayeingia mlangoni na mzigo kichwani, na naandika hapa kwa Kiswahili nilichokifahamu: Mama, nani kakusogezea kigoda karibu na moto hivi? Unataka kuungua? Na huyu kuku anafanya nini ndani? Akamgombeza kuku. Akauliza kama mama amekula, akajijibu kwamba hajala, akalaumu majirani. Alifanya hivyo kwa muda wa kutosha kuingia nyumbani, kutua mzigo na kuketi. Sijawahi kunasa kitu cha kweli zaidi ya ule ugomvi na kuku asiyekuwapo.

Kisha sauti ikashuka. Akasema: Sasa nisikilize. Nimekatwa shingo. Atakuja mtu mwenye sauti usiyoijua na shingo usiyoijua. Usiinue fimbo. Atakuambia jambo moja, nami nakuambia hapa ili ulisikie kwangu kwanza.

Akaninyooshea mkono kuelekea mlangoni.

Sikuelewa. Akarudia, kwa kidevu. Nikavua hedifoni, nikaziweka juu ya kigoda, nikatoka. Kabla ya kuzivua nilisikia, nina hakika nilisikia, ule mlio wa maandazi umeanza tena. Huenda ni moto uliopungua. Huenda ni pumzi yake, maana alikuwa amesogea karibu na kopo.

Fundi Mwinyi alikuwa amesimama chini ya ukingo wa nyasi, akijikinga.

"Anasema nini humo?"

"Sijui."

"Wewe mwandishi gani?"

Tulisimama hapo, maji yakitudondokea mabegani, mpaka Atupele alipotoka akijifuta macho. Alisema ni moshi. Inawezekana.

"Ile ya mwisho usiisikilize, shemeji."

"Sitaisikiliza."

"Kazi yako ni kusikiliza."

"Sitaisikiliza."

"Ndaga," akasema, yaani asante, na huo ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Lori lilikuwa linapiga honi barabarani.

Hiyo ilikuwa jana.

Leo nimemwona saa tisa. Amefungwa bandeji toka kidevuni hadi kifuani, na shingo yake ilionekana ndogo mno, kama ya mtu mwingine. Daktari anasema kazi ilikwenda vizuri na kwamba sauti tuingoje. Wengine siku, wengine miezi. Atupele alipofungua macho alinitazama akataka kusema. Ilitoka hewa tupu, na ndani yake kitu kama mchanga unaomwagwa. Sista akamwekea kidole mdomoni.

Ndipo akainua mkono. Akazungusha kidole hewani, duara, duara, kama gurudumu la utepe. Akainua nyusi.

Alikuwa ananiuliza kama imenasa.

Nikaitikia kwa kichwa.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijathibitisha jambo nisilolijua. Leo nimelithibitisha mbele ya mgonjwa, kwa sababu alikuwa ananitazama. Akafumba macho akalala.

Njiani kurudi nililipima jambo hili kama ninavyopima habari. Mwanzo wa utepe najua upo, niliusikia ukiingia. Lakini mwanzo peke yake haumfai kitu. Kugombeza kuku kunamthibitisha Atupele wa zamani. Kinachomfungulia mlango Atupele wa sasa ni lile jambo moja la mwisho. Kama unyevu umelila, basi bibi atasikia maandazi, na hakuna wa kulirudia kwa sauti ile. Sauti ile labda haipo tena. Kama limeharibika ni bora nimwambie mapema, atafute njia nyingine ya kumwandaa mama yake, kuliko tujue wote mbele ya fimbo.

Ili kujua, lazima nisikilize. Nimesema sitasikiliza.

Fundi Mwinyi alinikuta nimekaa mbele ya mashine na hedifoni zikiwa mezani. Nilimweleza. Akasema, "Sikiliza, nani atajua?" Kisha akafikiri, akasema, "Hapana. Utajua wewe, na uso wako haujui kuficha." Akatoka, akafunga mlango.

Nilisikiliza sehemu ya kwanza. Naandika bila kuipamba: si nzuri. Bati la sanduku la chai ni nene, na lile shuka la Fundi limeifanya sauti iwe nzito chini, kana kwamba Atupele anaongea akiwa ndani ya pipa. Mchele ungoni unasikika mwanzo hadi mwisho. Lakini ni Atupele. Ukifumba macho unamwona mahali alipotua mzigo.

Alipofika kwenye "usiinue fimbo" nikachomoa waya wa hedifoni.

Mashine ikaendelea kuzunguka kimya. Upande wa juu ina kidirisha cha mshale mdogo, unaopanda sauti ikiwa kubwa na kushuka ikiwa ndogo. Hausemi maneno, unasema kiasi tu. Unyevu ukivamia, naujua: mshale huruka mpaka mwisho na kubaki huko ukitetemeka. Sauti ya mtu haifanyi hivyo. Hupanda na kushuka, hupumzika.

Nikauangalia mshale.

Ulipanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda tena, polepole, mwendo wa mtu anayesimulia. Ukaruka hadi mwisho, nikaishika meza kwa mikono miwili. Ukarudi. Ukaruka tena, ukarudi. Baada ya hapo ukatulia katika mwendo wake, juu, chini, pumziko, juu, chini. Mara moja ulitetemeka kwa namna ambayo kwa mtu mwingine ningeiita kicheko. Kisha ukalala kabisa. Nikadhani amemaliza, lakini nilikumbuka muda tuliosimama nje mvuani, na ulikuwa haujatimia. Ukaendelea kulala. Gurudumu likazunguka. Halafu ukainuka mara moja, ghafla, juu sana, ukaanguka, na utepe ukaisha.

Neno moja. Au jina. Sijui, na sitajua.

Imenasa.

Kesho asubuhi nitapanda lori la misheni nimwambie, na safari hii nitakuwa najua ninachosema. Hataweza kuniuliza kwa mdomo nimejuaje. Ataniuliza kwa macho, na nitakuwa sina ushahidi zaidi ya mshale. Nitaibeba mashine hadi kitandani kwake, nichomoe waya wa hedifoni mbele yake, nimwache mwenyewe autazame mshale.